Kabla ya Kuomba Upunguziwe Bei, Tazama Mizani

Kila bei za vyakula zinapopanda jijini Dar es Salaam, malalamiko yanayoletwa kwa maofisa vipimo huongezeka, na mengi huletwa pasipohusika. Mwananchi anafika kulalamika kwamba maharage yamepanda. Sisi wa Wakala wa Vipimo hatupangi bei ya maharage. Sokoni bei ni makubaliano ya muuzaji na mnunuzi. Tunachosimamia sisi, kwa mujibu wa Sheria ya Vipimo, Sura 340, ni kwamba aliyelipia kilo aondoke na kilo. Jambo hilo huonekana dogo mpaka ulipigie hesabu.

Tuseme unga ni shilingi 1,600 kwa kilo na umepunjwa gramu 100. Wengi husema wamepoteza shilingi 160 na yameisha. Lakini umelipa 1,600 ukapata gramu 900, kwa hiyo kilo kamili imekugharimu takriban shilingi 1,778. Familia inayokula kilo 30 za unga kwa mwezi italipa zaidi ya 53,000 badala ya 48,000, na hapo bado sukari, mchele na nyama. Ni vigumu kuelewa kwa nini mnunuzi anabishania shilingi 100 kwa dakika kumi, akishapunguziwa anageukia simu yake wakati bidhaa inapandishwa kwenye mizani. Muuzaji asiye mwaminifu anarudisha punguzo lake hapo hapo.

Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha duka na duka, geuza kila bei iwe bei ya kilo. Gawanya bei kwa gramu ulizopewa, kisha zidisha kwa 1,000. Sukari ya kilo ikiwa shilingi 3,000 na robo ikiuzwa 900, anayenunua robo robo anailipia kilo shilingi 3,600. Hilo si kosa la vipimo na hatuwezi kumkamata mtu kwa ajili hiyo. Ni gharama ya kununua kidogo kidogo, na dawa yake ni majirani wawili watatu kuchanga, kununua mfuko mkubwa na kugawana kwa mizani. Kwenye bidhaa za paketi soma uzito halisi ulioandikwa, usiangalie ukubwa wa paketi. Paketi ya gramu 900 ikikaa rafuni karibu na ya kilo moja huwezi kuzitofautisha kwa macho, na ikiwa imeandikwa gramu 900 waziwazi, mwenye kiwanda hajakudanganya.

Mafuta ya kula yanachanganya zaidi. Lita moja ya mafuta ina uzito wa takriban gramu 920, kwa sababu mafuta ni mepesi kuliko maji. Dumu la lita 5 lina kama kilo 4.6, na ndoo ya lita 20 ina kama kilo 18.4. Ukiona dumu moja limeandikwa lita 5 na jingine kilo 5, la kilo lina mafuta mengi zaidi, karibu nusu lita. Kuna wanaopima dumu la lita 5 nyumbani, wakiona halifiki kilo 5 wanadai wameibiwa. Hawajaibiwa.

Sado (ile ndoo ndogo ya kupimia sokoni), kopo na fungu havitambuliwi kisheria kuwa vipimo, ingawa ndivyo vinavyotumika kila kona kuanzia Buguruni hadi Tegeta. Shida ya sado si kwamba kila anayeitumia ni mwizi. Ndoo inapima nafasi, haipimi uzito. Viazi vikubwa huacha mapengo makubwa katikati, na dagaa wakimwagwa bila kutikiswa hujaza kopo kabla ya muda wake. Halafu kuna ndoo iliyobonyezwa kitako kwa moto, ambayo kwa nje inaonekana nzima. Ingiza mkono ndani uguse kitako. Njia iliyo bora ni kumwomba muuzaji sado hiyo ipande kwenye mizani ya jirani yake mara moja tu, ujue ina kilo ngapi. Ukishajua, hesabu ya bei ya kilo inawezekana.

Sasa mizani yenyewe. Mizani ya biashara huhakikiwa kila mwaka na kubandikwa stika ya Wakala, na sehemu ya kurekebishia hufungwa kwa lakiri. Tafuta vyote viwili. Stika ya mwaka uliopita haina maana, na lakiri iliyokatika ina maana mbaya zaidi. Muuzaji anayetumia mizani isiyohakikiwa ana kosa hata kama siku hiyo inasoma sawasawa, na hapa ndipo wafanyabiashara wengi hubisha bila sababu. Mizani ndogo za jikoni na zile za bafuni za kupimia uzito wa mwili haziruhusiwi kuuzia kitu chochote.

Kabla bidhaa haijawekwa, mizani isome sifuri. Kwenye mizani ya mshale, simama uutazame mshale ukiwa mbele yake, kwa sababu ukiutazama kutoka pembeni unasoma namba isiyo yake. Kwenye mizani ya mawe, jiwe ligeuzwe: jiwe lililotobolewa chini limepunguzwa uzito. Kwenye mizani ya kidijitali kosa la kawaida ni beseni. Muuzaji anaweka samaki ndani ya beseni, beseni lina gramu 150, na unalipia plastiki kwa bei ya kibua. Utaratibu sahihi ni beseni liwekwe tupu, namba irudishwe sifuri, ndipo samaki waingie. Angalia pia kama mizani imekaa sawa juu ya meza, kama feni inaipuliza, na kama kuna mkono, kamba au ukingo wa boksi unaogusa sahani.

Ukiwa na shaka, tumia chupa ya maji ya lita moja na nusu ambayo haijafunguliwa. Maji ya lita moja na nusu ni kilo moja na nusu, ongeza uzito mdogo wa chupa tupu. Mizani ikisoma kilo 1.7, inaongeza uzito, na kila kilo utakayouziwa hapo ni pungufu.

Wanaonunua gunia wanahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa hapo ndipo penye akiba kubwa na hasara kubwa. Mazao ya shamba hayaruhusiwi kufungashwa zaidi ya kilo 100 kwa gunia. Bado wapo wakazi wa mjini wanaoifurahia lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, wakidhani wamepata nyongeza ya bure. Mkulima amepunjwa shambani, hiyo ni kweli, lakini nyongeza hiyo haikufikii wewe: lumbesa hufunguliwa sokoni na kugawanywa kwa sado na mafungu, na hakuna anayejua tena ulilipia kilo ngapi. Nunua gunia lililopimwa mbele yako.

Kwenye mahindi, uliza pia unyevu. Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5 hivi. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18, likikauka kufikia kiwango hicho, linabaki na kilo kama 95. Kilo tano ulizolipia ni maji. Mahindi hayo yakikaa bila kukaushwa hupata ukungu na sumukuvu, sumu isiyoondoka kwa kupika ugali. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Mahindi ya bei rahisi yenye harufu ya uvundo yaache hapo hapo. Punje kavu hugongana kwa mlio mkavu ukizitikisa kwenye chupa pamoja na chumvi kavu, na chumvi haigandi kwenye kuta za chupa. Ikiganda, bado mabichi. Mashineni, pima mahindi kabla ya kusaga na unga baada ya kusaga. Dona hurudi karibu yote. Ukikoboa kupata sembe, robo hivi huondoka kama pumba, kwa hiyo patana mapema pumba ni ya nani, maana wafugaji wa kuku wanainunua.

Gesi ya kupikia nayo ni matumizi ya jiko. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Ukiandikwa kilo 7.2, mtungi uliojazwa kilo 6 usome 13.2. Omba upimwe dukani, kabla hujaubeba.

Ukipunjwa, fuata utaratibu, kwa sababu malalamiko mengi hufa kwa kukosa ushahidi. Usile wala usimimine bidhaa kwenye chombo kingine. Iache kwenye mfuko uliouziwa, tunza risiti, andika jina la duka au namba ya kizimba, siku na saa, kisha toa taarifa ofisi ya Wakala wa Vipimo ya eneo lako siku hiyo hiyo. Mizani yako ya nyumbani inatosha kukupa shaka, haitoshi kumtia mtu hatiani. Ofisa atakwenda na mawe yake yaliyohakikiwa, atapima mizani ya muuzaji na bidhaa iliyopo. Kwa bidhaa za paketi atachukua sampuli ya paketi kadhaa na kutafuta wastani. Paketi moja pungufu kwa gramu mbili si kesi. Akithibitisha kosa, mizani huzuiwa isitumike. Mkosaji anaweza kukiri na kulipa faini kwa utaratibu wa kufifilisha kosa, au akafikishwa mahakamani, ambako adhabu ni faini, kifungo au vyote kwa pamoja.

Malalamiko ya ubora wa chakula yapeleke Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula. Na muuzaji akikurudishia fedha ili ukae kimya, toa taarifa hata hivyo, kwa kuwa mizani ile ile itampimia mteja anayefuata.