Kitufe chekundu kusimamisha mashine si kibali cha kusaini

"Injinia, tumebonyeza kitufe chekundu, mashine imesimama. Saini tu." Msimu wa korosho ukikaribia, nayasikia maneno haya kwenye ukaguzi wa usalama wa mashine za korosho, kuanzia Mtwara mjini hadi Newala na Nachingwea, na yananikera kuliko yote.

Mashine kusimama mara moja kunathibitisha kwamba leo, vifaa vyote vikiwa vizima, inasimama. Mimi nataka kujua itakuwaje kifaa kimoja kikifa. Kontakta, yaani swichi ya umeme inayowasha mota, ikiwaka na kuzima miezi na miezi, pointi zake zinaweza kuungua na kugandana. Hapo utabonyeza kitufe, koili yake, sumaku inayoifunga, itakosa umeme, lakini mota itaendelea kuzunguka na mkono wa mama wa watu umo ndani. Ndiyo maana penye hatari kubwa hufungwa kontakta mbili kwa mfuatano, na rilei ya usalama, kifaa kinachosimamia kitufe na kontakta, husoma kama zote zimeachia. Kwa hiyo nikikagua natengeneza hitilafu makusudi. Nachomoa waya wa marejesho wa kontakta moja, unaoiambia rilei kwamba imeachia: mashine lazima ikatae kuwaka. Nakata moja ya njia mbili za waya za kitufe, kisha nyingine: rilei lazima igundue. Kuna paneli niliyoikuta na kipande cha waya, urefu wa kidole, kimeunganisha terminali za marejesho ili "isisumbue". Kitufe chake kilifanya kazi vizuri kabisa. Sikusaini.

Kingine, kukitegua kitufe, yaani kukiachia baada ya kubonyezwa, kusiwashe mashine. Kiwango cha kimataifa cha kusimamisha mashine kwa dharura, ISO 13850, kinataka hivyo. Hata umeme ukikatika na kurudi, mashine ibaki imezima mpaka mtu aiwashe.

"Tukifanya usafi tunabonyeza cha dharura." Hapana! Zima swichi kuu, tia kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwa anayeingiza mkono. Mvuke na upepo wa kompresa utoe pia.

"Pazia la mwanga liwekwe popote penye nafasi." Pazia hilo ni miale inayosimamisha mashine mtu akiikatiza, na hesabu ya umbali wake inaanzia kwenye mwendo wa mtu, milimita 1600 kwa sekunde. Mfumo ukichukua nusu sekunde kusimamisha mashine, pazia liwe sentimita 80 kutoka penye hatari, na bado kuna nyongeza. Pimeni kwa kifaa muda wa mashine kusimama, msikisie kwa macho.

"Ina alama ya CE." Hilo ni tamko la mtengenezaji kwamba mashine inatimiza masharti ya Ulaya. Yeye hakumwona fundi aliyeiunganisha hapa, wala mafuta ya maganda ya korosho yaliyoganda kwenye swichi ya mlango. Ifuteni swichi hiyo kila zamu. Nitalisema hili mpaka lisikike.

"Ukishasaini, lawama ni zako." Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 imembebesha mwajiri wajibu huo, na saini yangu haiuondoi. Tena inahusu mashine niliyoijaribu siku ile. Mkibadilisha inveta (kidhibiti mwendo wa mota), kontakta au programu ya PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mashine), majaribio yanayoguswa na badiliko hilo yanarudiwa kabla zamu haijaingia.