Dhoruba za Jua Hazileti Matetemeko ya Ardhi

Kila inapotangazwa kwamba jua limelipuka na dhoruba ya sumaku inaikabili dunia, hapa Lamu huanza kupita katika simu sauti zilizorekodiwa zikionya kuwa ardhi itatikisika baada ya siku mbili au tatu. Wazee wetu hawastahili kulazwa macho kwa hofu isiyo na msingi.

Dhana kuu ni kwamba sumaku ya dunia ikisukwasukwa, miamba nayo hutikisika. Dhoruba hizo zipo kweli na si za kudharauliwa: ile ya tarehe 13 Machi 1989 ilizima umeme wa jimbo la Quebec, Kanada, kwa takriban saa 9. Tetemeko, hata hivyo, huzaliwa chini kabisa, ambako mabamba ya ardhi husukumana miaka na miaka hadi mwamba uliobanwa ukashindwa kuhimili na kuteleza ghafla kwenye ufa wake. Uga wa sumaku juu ya uso wa dunia una nguvu ya kati ya nanotesla (kipimo cha nguvu ya sumaku) 25,000 na 65,000, na dhoruba ya Mei 2024, kali kuliko zote tangu 2003, iliupunguza katika maeneo ya karibu na ikweta kwa takriban 400 tu. Sisi watu wa pwani tuna mfano ulio karibu zaidi, wa nguvu inayoielemea ardhi moja kwa moja. Maji ya bamvua yanapojaa na kupanda ngazi za gati, kila mita moja ya kina inayoongezeka huweka uzito wa takriban tani moja juu ya kila mita ya mraba ya sakafu ya bahari. Mzigo huo huja na kuondoka mara mbili kwa siku, nao, ingawa wanasayansi wameona mchango wake mdogo katika baadhi ya sehemu za dunia, hautoshi kumwezesha yeyote kutabiri tetemeko.

Wengine hushikilia tarehe, wakisema dhoruba fulani ilifuatwa na tetemeko fulani. Matetemeko yenye ukubwa wa 6 na zaidi hupita 100 kwa mwaka, yaani moja kila baada ya siku tatu hivi. Dhoruba gani basi itakosa la kuambatanishwa nalo? Mwaka 2013, wanasayansi Jeffrey Love na Jeremy Thomas walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za matetemeko pamoja na zile za jua na sumaku, na hawakupata uhusiano wa kuaminika. Mei 2024 yenyewe ilipita bila tetemeko hata moja lililofikia ukubwa wa 7, ilhali lile la Taiwan, lenye ukubwa wa 7.4, lilikuwa limetangulia tarehe 3 Aprili. Na tetemeko la tarehe 12 Agosti 2020, lililotokea baharini karibu na Dar es Salaam na kusikika hadi Mombasa, lilikuja miezi michache tu baada ya jua kufikia kipindi cha utulivu katika mzunguko wake wa kuchangamka na kutulia wa takriban miaka 11.

Yapo pia madai kwamba ardhi hutoa ishara za sumaku kabla ya kutikisika. Mfano maarufu ni wa tetemeko la Loma Prieta, California, Oktoba 1989, ambapo kabla yake kifaa kilinasa mawimbi ya sumaku yasiyo ya kawaida. Waliochunguza upya kumbukumbu hizo walieleza kwamba huenda hitilafu ilikuwa katika kifaa chenyewe.

Dhoruba ya sumaku inapomfikia nahodha wa Lamu, hupitia juu: huvuruga tabaka la anga linalopitisha mawimbi ya setilaiti, GPS yake ikakosea mahali alipo, na redio ya masafa marefu ikakatika.