Tumbo Laini, Utumbo Unaokufa

Mgonjwa anagalagala kitandani. Jasho linamtoka, amekumbatia tumbo, analia kwamba hajawahi kuumwa hivi tangu azaliwe. Daktari anaweka mkono, anabonyeza kulia, anabonyeza kushoto, na tumbo linabonyea bila shida. Si gumu kama ubao, halijavimba, mgonjwa hashtuki zaidi akibonyezwa kuliko alivyokuwa. Kwenye faili inaandikwa: "Tumbo laini." Inaagizwa dawa ya maumivu, na mgonjwa anawekwa chini ya uangalizi hadi asubuhi.

Maneno hayo mawili wengi huyasoma kama nafuu. Mimi nikiyaona kwenye faili la mtu mwenye maumivu makali ya ghafla, hasa mzee ambaye mapigo ya moyo wake hayana mpangilio, huwa naacha ninachofanya na kwenda kitandani kwake.

Miaka yangu ya mwanzo kazini alikuwepo mzee wa namna hiyo. Nilikuwa mmoja wa waliompima usiku ule, na mwandiko wa "tumbo laini" ulikuwa wangu. Alfajiri tumbo likawa gumu, tukampeleka chumba cha upasuaji, tukakuta utumbo mwembamba karibu wote umegeuka mweusi. Hapakuwa na cha kuokoa. Tangu siku ile nimekuwa nikitafiti mishipa ya damu inayolisha utumbo, na swali langu la kwanza lilikuwa hilo hilo: inakuwaje tumbo lilainike wakati utumbo unakufa?

Kwanza mishipa yenyewe. Aota, mshipa mkuu unaoshuka kutoka kwenye moyo, ukifika tumboni unatoa matawi matatu kwa mbele. La kwanza, ateri ya siliaki, linalisha tumbo la chakula, ini, bandama na sehemu ya kongosho. La pili ni ateri ya mesenteri ya juu, nalo ndilo linalobeba mzigo mkubwa: karibu utumbo mwembamba wote na zaidi ya nusu ya kwanza ya utumbo mpana. La tatu, ateri ya mesenteri ya chini, linamalizia kipande kilichobaki hadi sehemu ya juu ya rektamu, mwisho wa utumbo mpana. Mtu akiwa amepumzika, kati ya moja ya tano na robo ya damu yote inayotolewa na moyo huelekea kwenye viungo hivi vya usagaji chakula, na baada ya mlo huongezeka zaidi.

Matawi haya matatu yameunganishwa kwa njia za pembeni. Ndiyo maana ateri ikiziba polepole, kwa miaka, kwa mafuta na chokaa vinavyojijenga kwenye ukuta wake, mtu anaweza asijue. Njia za pembeni zinapanuka na kuchukua kazi. Mara nyingi hadi ateri mbili kati ya tatu ziwe zimebana ndipo maumivu yanapoanza kuja baada ya kula, na hapo mgonjwa huanza kukiogopa chakula na kukonda. Lakini ateri ikiziba kwa ghafla, njia za pembeni hazina muda wa kupanuka.

Ateri ya mesenteri ya juu inatoka kwenye aota kwa pembe nyembamba, ikielekea chini karibu sambamba nayo. Bonge la damu likichomoka kwenye moyo, kama ule wa mzee mwenye mapigo yasiyo na mpangilio, na kushuka na mkondo, mdomo wake uko wazi kulipokea. Mara nyingi bonge halikwami mlangoni. Linateleza sentimita kadhaa, hadi pale ateri inapopungua upana, likiwa limeshapita matawi ya kwanza. Jambo hili unaliona kwa macho ukifungua tumbo. Unainua utumbo kuanzia mwanzo wake: mkunjo wa kwanza una rangi ya waridi, unang'aa, unajikunja ukiuchezea kwa kidole. Unaendelea kuuvuta taratibu, na mahali fulani rangi inaanza kufifia, inakuwa ya kijivu, kisha ya zambarau. Ukigusa mesenteri, ule utando unaobeba mishipa, hakuna mdundo. Kipande kile cha waridi mwanzoni kinakuambia kwamba bonge limesafiri kutoka mbali. Kama damu ingekuwa imeganda pale pale mlangoni, juu ya ukuta uliokwisha kuharibika, hata mkunjo wa kwanza usingesalimika.

Sasa turudi kwenye ulaini. Jibu liko ndani ya ukuta wa utumbo, kwenye kitu kidogo kiasi kwamba unahitaji hadubini kukiona vizuri.

Upande wa ndani wa utumbo mwembamba umefunikwa na vijidole vidogo visivyohesabika, ambavyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Sehemu kubwa ya damu inayofika kwenye ukuta wa utumbo, zaidi ya theluthi mbili, inakwenda kwenye utando huu wa ndani. Nilipoangalia kijidole kimoja cha panya aliyelazwa usingizi chini ya hadubini kwa mara ya kwanza, nilisahau kuandika chochote. Kiateri kimoja kinapanda katikati kama shina, kikifika kileleni kinamwagika pande zote kama maji ya chemchemi, kisha damu inashuka kwenye kapilari, mishipa midogo kabisa, zilizo pembezoni. Chembe nyekundu zinapita moja moja, unaweza karibu kuzihesabu.

Mpangilio huo una kasoro moja kubwa. Damu inayopanda na damu inayoshuka zinapita karibu sana, tena kwa mwelekeo unaopishana. Oksijeni haisubiri kufika kileleni. Sehemu yake inavuka njiani, kutoka kwenye mshipa unaopanda kwenda kwenye ule unaoshuka. Kwa hiyo hata mtu akiwa mzima kabisa, kilele cha kijidole kinaishi kwa oksijeni kidogo kuliko shina lake. Mkondo ukipungua kasi hali inakuwa mbaya maradufu: damu inapanda polepole, oksijeni inapata muda zaidi wa kuvuka njiani, na kilele kinabaki na karibu hakuna.

Ndiyo sababu utumbo hufa kuanzia ndani kuja nje. Mwaka 1970 mtafiti Chiu na wenzake walitoa ngazi za kupima uharibifu huu, kuanzia 0 hadi 5, na maabara nyingi bado tunazitumia. Ngazi ya kwanza ni kijinafasi kidogo kinachojitokeza kileleni, chini ya tabaka la seli, kama malengelenge. Kisha tabaka linabanduka, linashuka ubavuni mwa kijidole, hadi vijidole vinabaki uchi, na mwisho utando wenyewe unameng'enyuka na kuvuja damu. Nimesoma maelfu ya vipande vya namna hiyo bila kujua ni cha saa ya ngapi, ili nisijidanganye, na bado mara nyingi natambua muda kwa kuangalia kilele tu.

Wakati haya yakitokea, misuli ya utumbo inabana kwa nguvu. Maumivu ya mwanzo yanatoka huko, na yanapita kwenye neva za viungo vya ndani ambazo hazijui kuonyesha mahali kwa usahihi. Kinachofanya tumbo kukaza ni kitu kingine kabisa. Ni utando unaofunika ukuta wa tumbo kwa ndani, wenye neva zake, na utando huo haujui lolote hadi uharibifu utoboe kutoka kwenye vijidole, uvuke misuli, ufike upande wa nje wa utumbo. Mkono wa daktari unapima tabaka la mwisho kuungua. Tumbo likishakuwa gumu, ukuta umeshakufa wote.

Vipimo vya damu navyo vinaangukia shimo lile lile. Watu wanasubiri lakteti, taka inayozalishwa na seli zinazokosa oksijeni, ipande. Lakini damu yote inayotoka kwenye utumbo hupita kwanza kwenye ini kupitia vena ya lango, na ini lenye afya huisafisha lakteti hiyo kabla haijaingia kwenye mzunguko mkuu, ambako ndiko tunakochoma sindano. Lakteti ya kawaida katika saa za mwanzo haithibitishi chochote. Kinachothibitisha ni CT skani ya mishipa, yenye dawa ya kung'arisha, na miongozo ya kimataifa inataka ifanyike mara tu shaka inapoingia. Nimeona mara nyingi ikicheleweshwa kwa sababu kriatinini, kipimo cha kazi ya figo, iko juu na watu wanahofia dawa hiyo itaumiza figo. Hofu hiyo naielewa, lakini figo zina nafasi ya kupona, na utumbo uliokwisha kufa hauna.

Kuhusu muda, mtu asidhani utumbo ni dhaifu tu. Unaweza kupoteza hadi robo tatu ya mkondo wake wa damu kwa saa 12 bila kuumia sana, kwa sababu unajua kukamua oksijeni zaidi kutoka kwenye kila tone linalofika. Damu ikikatika kabisa, hesabu inabadilika: baada ya takriban saa sita uharibifu unaanza kuwa wa kudumu. Huko Maastricht, Uholanzi, watafiti walipata njia ya kuliangalia hili kwa binadamu. Katika upasuaji wa kongosho kuna kipande cha jejunamu, sehemu ya utumbo mwembamba, kinachokatwa na kutupwa hata hivyo. Kwa idhini ya wagonjwa, walikifungia damu kipande hicho kwa dakika 30 kabla ya kukiondoa, kisha wakaifungulia. Seli za vileleni zilibanduka na kumwagwa, na ndani ya saa mbili utando ukawa umeshajiziba upya. Matokeo yao yalitoka mwaka 2008 na niliyasoma mara tatu mfululizo. Yanaonyesha kwamba katika dirisha la mwanzo, wakati tumbo ni laini na kila kitu kinaonekana kama si dharura, ndipo utumbo bado una uwezo wa kujirudi.

Kuifungulia damu nako kuna madhara yake. Mwaka 1986 watafiti Parks na Granger, wakifanya kazi na paka, walilinganisha makundi mawili: utumbo uliopunguziwa damu kwa saa nne mfululizo, na ule uliopunguziwa kwa saa tatu kisha ukarudishiwa kwa saa moja. Wa pili ndio ulioumia zaidi. Miaka mitano kabla, Granger, Rutili na McCord walikuwa wameonyesha dalili za sababu: wakati wa njaa ya oksijeni seli inajaza taka ambazo kimeng'enya cha zanthini oksidesi kinazisubiri, na oksijeni ikirudi kwa kishindo, kimeng'enya hicho kinaitumia kuzalisha radikali huru, molekuli kali zinazochoma utando. Baadaye chembe nyeupe zinamiminika na kuongeza moto. Dawa nyingi zimezuia haya kwa wanyama. Wodini tunachokitegemea bado ni kufungua ateri mapema, kabla taka hazijajaa, na kumhudumia mgonjwa kwa makini sana katika saa zinazofuata, kwa sababu shinikizo la damu linaweza kuporomoka akiwa ameshatoka chumba cha upasuaji na ndugu wameshaambiwa imekwenda vizuri.

Tumetoka mbali, na bado hatujafika. Mwaka 1951 daktari wa upasuaji Klass alieleza jinsi ya kutoa bonge na kuacha utumbo mahali pake badala ya kukata tu kilichooza. Miaka ya 1970 daktari wa upasuaji Boley na wenzake walisisitiza kupiga picha ya mishipa mapema na kumwaga papaverini, dawa ya kulegeza mishipa, ndani ya ateri, kwa sababu mishipa hubaki imebana hata baada ya kizuizi kuondoka. Leo bonge linaweza kunyonywa kwa mrija uliopitishwa kwenye paja. Katika hospitali ya Beaujon, karibu na Paris, wameunda kitengo maalumu cha dharura za mishipa ya utumbo, kama vile vitengo vya kiharusi. Pamoja na hayo yote, utafiti wa kimataifa uliofuatilia wagonjwa 418 mwaka 2022 ulikuta karibu nusu yao walifariki.

Kazi yangu ya sasa ni kutafuta kipimo kitakachosikia kilele cha kijidole kikivunjika. Seli zilizokomaa za vileleni zina protini ndogo inayobeba asidi za mafuta, na seli ikipasuka protini hiyo inaingia kwenye damu upesi, kisha kwenye mkojo. Inapanda mapema kuliko lakteti. Tatizo ni kwamba inapanda pia kwenye magonjwa mengine ya utumbo, na kiwango chake kinategemea sana umechukua damu saa ya ngapi tangu mshipa uzibe. Mapema mno, bado. Ukichelewa mno, seli za kuitoa zimeshakwisha.

Kwa hiyo kwenye fomu yetu ya utafiti swali la kwanza kabisa, kabla ya umri na kabla ya vipimo, ni saa maumivu yalipoanza. Fomu nyingi hurudi zikiwa na saa ambayo mgonjwa alifika hospitali. Tunazirudisha wodini, tunaomba mtu akae na mkewe au mwanawe amuulize: alikuwa anafanya nini, alikuwa ameshalala, jua lilikuwa limezama?