Waya wa bei mbaya, sauti ileile: dhana potofu kuhusu vifaa vya muziki

Anayenunua ampli na spika Mwanga, Kigoma, au mitaa ya Kanyenye pale Tabora huambiwa kwamba mashine peke yake haitoshi: aongeze waya maalumu, pini za dhahabu, kebo nene ya umeme. Baadhi ya ushauri huo una msingi. Mwingi hauna, na hela inayopotelea hapo ndiyo ingenunua spika bora.

"Hii ni wati 10,000."

Soketi ya ukutani ya ampea 13, kwa umeme wetu wa volti 230, inatoa wati 2,990, mwisho. Wati 10,000 zingehitaji zaidi ya ampea 43. Namba ya namna hiyo huandikwa pamoja na herufi PMPO, na kipimo hicho hakina kanuni inayokubalika; kiwanda huandika kinachotaka. Geuza mashine, soma kibandiko cha nyuma uone inakula wati ngapi. Kama inakula 80, haiwezi kutoa 200 mfululizo. Namba ya kuulizia ni RMS, yaani wati ambazo mashine inaweza kutoa mfululizo.

Na hata wati za kweli zisikupumbaze. Kuzidisha wati mara mbili kunaongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu. Spika inayotoa desibeli 90 ikipewa wati 1 na kupimwa umbali wa mita 1, ukilinganisha na ya 87, inakupa faida ileile ya kununua ampli yenye nguvu mara mbili.

"Waya wa spika wa bei ghali hufungua besi."

Kwenye waya wa spika kuna mambo matatu ya kuangalia: umetengenezwa kwa nini, unene wake na urefu wake. Shaba ya milimita za mraba 1.5 ina ukinzani (kiasi cha kuzuia umeme, hupimwa kwa ohm) wa takriban ohm 0.0115 kwa mita. Spika ikiwa mita 5 kutoka kwenye ampli, umeme unakwenda na kurudi mita 10, yaani ohm 0.115. Kwa spika ya ohm 8, hasara ni desibeli 0.12 hivi, na hakuna sikio linaloikamata kwenye muziki.

Ukumbini mambo hubadilika. Ukivuta waya uleule mita 20 hadi spika ya ohm 4, unapoteza karibu desibeli 1. Hapo nunua waya wa milimita za mraba 4, hasara inashuka chini ya desibeli 0.4. Waya wa umeme wa nyuzinyuzi kutoka duka la vifaa vya ujenzi unaifanya kazi hiyo vizuri kabisa.

Hatari ya kweli ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo imejaa sokoni. Menya ncha, kwangua uzi mmoja kwa wembe: ndani ukiwa mweupe, si shaba. Ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba ya unene huohuo. Hukatika ukiukunja mara kwa mara, na hulegea chini ya skrubu hadi sauti inaanza kukatakata.

Madini ya fedha hupitisha umeme kuliko shaba kwa asilimia 5 tu au zaidi kidogo. Shaba nene kidogo inalipa tofauti hiyo. Na waya hauhitaji "kuzoea" kwa saa 100. Mwaka 2007 James Randi, mwanamazingaombwe wa Marekani aliyejulikana kwa kufichua madai ya uongo, aliahidi dola milioni 1 kwa atakayetofautisha kwa sikio, bila kuona, waya wa spika wa dola 7,250 na waya wa kawaida. Hela hizo hazikuchukuliwa na mtu.

"Dhahabu hupitisha sauti safi."

Dhahabu hupitisha umeme vibaya kuliko shaba. Sifa yake ni kutoshika kutu, na kando ya Ziwa Tanganyika sifa hiyo ina maana. Ila pini ya kawaida ukiichomoa mara mojamoja na kuifuta kwa spiriti itakufikisha palepale. HDMI, kebo ya kuunganisha TV na vifaa vingine, ni jambo jingine: inabeba picha na sauti zikiwa namba. Kebo mbovu huleta vidoti, picha kuzima au sauti kukatika. Hakuna kebo ya HDMI inayoongeza besi.

"Kebo ya umeme na stabilaiza husafisha sauti."

Umeme umeshapita kilomita nyingi za nyaya za kawaida kabla ya kufika kwako. Mita moja na nusu ya mwisho haiubadilishi. Stabilaiza ni kifaa cha maana, lakini kwa sababu nyingine. Umeme ukishuka hadi volti 180, ampli ya transfoma ya kawaida hubaki na asilimia 61 hivi ya nguvu zake za juu, ikaanza kukwaruza mapema. Hapo stabilaiza inasaidia. Umeme ukiwa sawa, huisikii.

Mngurumo nao una tiba yake. Chomoa waya unaoleta sauti kwenye ampli. Mngurumo ukibaki, mpelekee fundi, mara nyingi kapasita za ndani zimechoka. Ukiondoka, tatizo liko kwenye waya huo au kwenye ethi (waya wa umeme unaokwenda ardhini): chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja. Usikate kamwe pini ya ethi. Ndiyo inayokulinda usipigwe na umeme.

Kinachobadilisha sauti kweli

Kwanza, chanya na hasi. Spika moja ikigeuzwa, besi za pande mbili zinauana. Ikiwa hujui upande wa chanya wa spika ya besi, gusisha betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja: koni ikitoka nje, chanya ya betri iko kwenye chanya ya spika. Twita, spika ndogo ya sauti nyembamba, usiijaribu hivyo.

Pili, chumba. Sakafu ya saruji, kuta tupu na bati bila dari hurudisha sauti. Piga kofi moja usikie. Zulia, pazia zito na makochi hufanya kazi ambayo waya wowote hauwezi. Sabufa ikinguruma kupita kiasi, itoe kwenye kona, isogeze sentimita 50 hivi.

Muuzaji akishikilia kwamba tofauti ipo, mpime. Weka mlio wa hezi 60, mlio mzito wa besi, pima volti kwenye vituo vya spika kwa multimita kwa kila waya, linganisha hadi tofauti iwe chini ya asilimia 1, kwa sababu kinachopiga juu kidogo daima huonekana bora. Kisha mtu mwingine abadilishe waya nyuma ya pazia mara 16, kwa kurusha sarafu, na akishabadilisha aondoke bila kusema neno. Kila mara muuzaji aseme ni waya upi. Akipatia 12 au zaidi, ana hoja ya kusikilizwa. Kubahatisha kunafika huko chini ya mara 4 katika 100. Akipatia 8 au 9, alikuwa anakisia.