Ukikopi C yote, bado huna imeji ya diski

"Windows yangu nimeshaifanyia bakapu, nimekopi C yote kwenye eksteno." Kauli hii inatoka kwa wanafunzi wa chuo, kwa wahasibu wa ofisini, hata kwa mafundi wanaoishi kwa kupiga Windows. Anayeisema hana wasiwasi wowote: diski ikifa kesho, ataitoa ile C kwenye eksteno, yaani diski ya nje, aibandike kwenye diski mpya na kompyuta itawaka. Haitawaka.

Imeji ya diski ni nakala ya diski kama ilivyo, pamoja na mpangilio wake wote, iliyofungwa ndani ya faili moja au mafaili kadhaa. Ukiirudisha kwenye diski, kompyuta inawaka ikiwa na mfumo endeshi, programu na mipangilio uliyoiacha siku ile. Basi, maana yake ni hiyo. Ugomvi uko kwenye "kama ilivyo".

Ukifungua File Explorer unaiona C, lakini diski haikuishia kwenye C. Kwenye kompyuta nyingi za Windows 10 na 11 kuna patisheni, yaani kipande cha diski kilichotengwa, ndogo ya EFI, ya kuwashia kompyuta, mara nyingi ya MB 100 tu. Haina herufi, ndiyo maana huioni. Humo ndimo linamokaa faili la bootmgfw.efi, ambalo kompyuta hulisoma kabla Windows yenyewe haijaamka. Kuna nyingine ya MB 16 ambayo Windows hujitengea, na mara nyingi ipo pia ya kuokolea mfumo. Halafu kuna jedwali la patisheni, linaloonyesha kila moja inaanzia na kuishia wapi. Vyote hivyo havikopiwi kwa kuburuta mafolda. Aliyehamisha vyombo hajahamisha nyumba.

Na hata hiyo C hukuikopi yote. Jaribu kukopi folda ya C:\Windows\System32\config wakati Windows inafanya kazi. Mafaili ya SYSTEM, SOFTWARE na SAM yatagoma, kwa sababu yanatumika muda huo huo. Ndani yake ndimo ilimo rejista: mipangilio ya mfumo na programu zako, pamoja na akaunti za watumiaji. Watu wengi hapo hubonyeza kitufe cha kuruka na kuendelea na chai yao. Programu ya imeji haina anasa hiyo. Ama inatumia huduma ya Windows iitwayo Volume Shadow Copy, inayoigandisha hali ya diski kwa wakati mmoja ili isomwe bila kugombana na mafaili yaliyofunguliwa, ama unaiwasha kompyuta kwa flashi, kama ilivyo kwa programu ya Clonezilla, Windows ikiwa haijaamka kabisa na hakuna faili lililoshikiliwa.

Huwa pia nakutana na anayeonyesha faili la ISO alilopakua kutoka Microsoft na kusema imeji anayo. Hajadanganya. Jina hilo limetokana na ISO 9660, kiwango cha mwaka 1988 cha kupanga mafaili kwenye CD, na ISO kweli ni imeji ya diski, ila si ya diski yako. Ni ya diski ya kusakinishia. Itakupa Windows tupu, bila printa yako, bila programu yako ya mahesabu.

Kloni nayo inachanganywa na imeji. Kukloni ni kumimina diski moja kwenye nyingine moja kwa moja. Hiyo ya pili inafutwa yote, kisha unaweza kuichomeka na kuiwasha. Imeji hubaki faili, na eksteno moja inaweza kubeba ya Januari, ya Juni na za kompyuta nyingine tatu. Lawama kidogo naiweka kwenye Ghost, programu aliyoiandika Murray Haszard huko New Zealand katikati ya miaka ya 1990, kisha kampuni ya Symantec wakainunua 1998. Iliyafanya yote mawili, na mafundi wengi wakayazoea kama kitu kimoja.

Simdharau aliyekopi mafaili. Picha za harusi na tasnifu zinahifadhika vizuri kwa njia hiyo, na utazifungua kwenye kompyuta yoyote bila kurudisha mfumo mzima. Ila hiyo ni nakala ya mafaili, na tuiite hivyo. Ukimpelekea fundi kompyuta ukamwambia "nifanyie bakapu" ukanyamaza, atakukopia Desktop na Documents, na hutakuwa na la kumlaumu. Mwambie unataka imeji ya diski nzima, pamoja na zile patisheni zisizoonekana, na aiweke kwenye eksteno, si kwenye D. Hiyo D, mara nyingi, ni kipande cha diski ile ile.