Muwasho wa pilipili mkononi: maana yake na namna ya kuutuliza

Kitenzi chetu kuwasha kina kazi nyingi. Tunawasha jiko, upele unawasha, na pilipili inawasha. Waliotangulia kutumia neno moja kwa moto na kwa pilipili hawakuwa na maabara, lakini walilenga penyewe: kwenye ngozi ya binadamu, habari ya moto na habari ya pilipili hupita mlango mmoja. Ndiyo maana mtu aliyekata pilipili mbuzi kumi za kachumbari anaweza kukesha akipuliza vidole kama aliyeshika sufuria jikoni, na ukimtazama mkono huoni lengelenge wala jeraha. Pengine ni wekundu kidogo tu.

Muwasho wa pilipili, kwa maana ninayoitumia hapa, ni maumivu ya kuungua yanayoipata ngozi baada ya kushika pilipili kali: kuikata, kuitoa mbegu, kuitwanga au kuisaga. Mwaka 1981 jarida moja la udaktari la Marekani lilichapisha barua iliyoyapa maumivu hayo jina, "mkono wa Hunan", kwa kufuata jimbo la China linalosifika kwa vyakula vikali. Sisi hatukuhitaji jina la mbali. Methali yetu inauliza pilipili usiyoila yakuwashia nini, na kila anayepika Dar es Salaam anajua kwamba asiyoila inaweza kumwasha kuliko aliyoila.

Kinachowasha ni kemikali iitwayo kapsaisini. Wengi tumelelewa tukiamini ukali uko kwenye mbegu. Pasua pilipili mbuzi moja uitazame ndani: mbegu zimeshikizwa kwenye utando mweupe, laini, unaoshuka kutoka upande wa kikonyo. Utando huo ndio unaoitengeneza kapsaisini. Mbegu hupata ukali kwa sababu zimeugusa. Kwa hiyo anayekwangua mbegu kwa kidole gumba, akidhani anaipoza pilipili, anaingiza ukucha wake palepale penye ukali wote.

Pilipili nazo hazilingani. Kwa kipimo alichokibuni mfamasia wa Marekani, Wilbur Scoville, mwaka 1912, pilipili hoho ni sifuri. Pilipili kichaa, zile ndogo zilizochongoka, huwa kati ya 50,000 na 100,000. Pilipili mbuzi, ile ya mviringo yenye mikunjo na harufu tamu, ni jamii ya habanero, na jamii hiyo hufika kati ya 100,000 na 350,000. Harufu yake nzuri ndiyo inayotufanya tuishike bila hofu.

Sasa, jambo ambalo ningependa kila jiko lilijue ni hili: kapsaisini ina tabia ya mafuta. Haiyeyuki kwenye maji. Ukinawa kwa maji matupu baada ya kukata pilipili, umefanya kama aliyeosha sufuria ya maandazi bila sabuni. Maji yamepita juu, utelezi umebaki, na safari hii umeusambaza hadi kwenye viganja na mikunjo ya vidole.

Ikishatulia kwenye ngozi, inapenya polepole mpaka inafika kwenye ncha za mishipa ya fahamu. Huko kuna vipokezi vilivyowekwa kutuonya juu ya joto la kuunguza. Mwaka 1997 David Julius na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walikitambua kipokezi kinachoitikia kapsaisini, wakaona kwamba kipokezi hichohicho hufunguka joto linapokaribia nyuzi 43. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021, pamoja na Ardem Patapoutian. Kwa lugha ya jikoni, kapsaisini inabonyeza kengele ya moto mahali ambapo hapana moto. Ubongo unapokea kengele na kukuambia mkono unaungua, na maumivu unayoyasikia ni ya kweli kabisa. Usikubali mtu akuambie unajidekeza.

Kuna la zaidi. Kapsaisini ikishakigusa kipokezi, kipokezi kinakuwa chepesi wa kushtuka. Joto la kawaida, ambalo siku nyingine usingelijali, linatosha kukifungua. Maji ya uvuguvugu ya kuoga, mvuke wa chungu, kukaa karibu na jiko la mkaa, hata mkono uliofunikwa na shuka katika joto letu la Februari, vyote vinauchochea muwasho.

Niliyajua haya usiku mmoja, siku mbili kabla ya Idi. Shangazi yangu wa Temeke husaga pilipili na kuwauzia wakaanga chipsi, na oda zilikuwa zimemzidi. Nikaenda kumsaidia. Ndoo ya lita kumi, pilipili mbuzi tupu kutoka soko la Ilala, nikawa natoa vikonyo na utando kwa vidole tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi. Sikusikia chochote. Nikanawa maji ya bomba, nikala wali, nikapanda daladala kurudi Mbagala. Saa nne usiku nikaoga maji ya uvuguvugu, na hapo moto ukaanza, kwanza kwenye mizizi ya kucha, kisha katikati ya vidole, kisha mgongo wa mkono wote. Nikatumbukiza mikono kwenye beseni la maji ya barafu. Ikapoa. Nikaitoa. Dakika haikuisha, moto ukarudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Nikampigia.

"Shikamoo shangazi. Mikono inawaka."

"Marahaba mwanangu. Umenawia nini?"

"Maji."

"Maji hayaiwezi pilipili. Chukua mafuta ya kula, jisugue kama unakanda unga wa chapati, ufute, ndipo utie sabuni. Na usijishike uso, unanisikia?"

Kuchelewa kule ndiko kunakowadanganya wengi. Ngozi ya kiganja ni nene, na kapsaisini inahitaji muda kuipenya, kwa hiyo unaweza kumaliza kupika, kupakua na kuosha vyombo ukiwa salama, ukashtuka saa kadhaa baadaye. Sehemu zenye ngozi nyembamba ndizo hutangulia: pembeni mwa kucha, katikati ya vidole, na popote penye mchubuko. Ukiwa umejikwaruza kwenye mbuzi ulipokuwa unakuna nazi asubuhi, pilipili itakuonyesha mahali penyewe.

Basi tuliza hivi. Kabla ya maji, mimina mafuta ya kula kwenye viganja, ya alizeti au ya nazi, yoyote uliyonayo. Jisugue dakika mbili tatu, usisahau chini ya kucha na kwenye maungio. Mafuta yanaichukua kapsaisini kutoka kwenye ngozi kwa sababu ni ya aina moja nayo. Kisha yafute kwa karatasi au kitambaa unachokwenda kukitupa, si taulo la nyumbani, maana kesho mtu atajifutia uso. Baada ya hapo ndipo sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ile ya kukata mafuta, na maji ya baridi. Kwenye kucha tumia mswaki wa zamani. Suuza, rudia tangu kwenye mafuta. Kwangu ilichukua mara tatu. Ya kwanza haikubadili kitu na nilikaribia kukata tamaa. Ya pili iliupunguza. Ya tatu ikaacha joto dogo kwenye vidole gumba, nikaweza kulala.

Kama bado unaumia, weka mikono ndani ya bakuli la mafuta ya baridi ukae nayo. Mwaka 1987 watafiti wa New Mexico, jimbo la Marekani ambako pilipili ni chakula cha kila siku, walilinganisha kuloweka mikono kwenye maji baridi na kuloweka kwenye mafuta ya mimea. Mwanzoni maji yalileta nafuu haraka, lakini kadiri muda ulivyokwenda, mafuta ndiyo yaliyotuliza zaidi. Ndivyo ilivyokuwa kwa beseni langu la barafu. Ubaridi unanyamazisha kengele kwa muda, na kidole cha kapsaisini bado kimeibonyeza. Kwa hiyo barafu itumie baada ya kuiondoa pilipili, ikiwa imefungwa ndani ya kitambaa, kwa kupoza kilichobaki.

Spiriti ya duka la dawa nayo inaiyeyusha kapsaisini, na hata sanitaiza uliyobaki nayo tangu wakati wa korona inafaa. Pakaa, futa, kisha osha kwa sabuni. Iwe mbali na jiko linalowaka, na usiipake penye mchubuko, itakuchonyota vibaya. Maziwa ya baridi au mtindi husaidia pia, kwa sababu yana mafuta na yana protini inayoikamata kapsaisini. Mdomoni ndiyo dawa bora kuliko maji. Kwa mikono miwili iliyojaa pilipili, mimi naona mafuta na sabuni vinatosha, maziwa wanywe watoto.

Ndimu watu wengi huikimbilia. Nakusihi uiache. Tindikali inakichokoza kipokezi kilekile tunachotaka kitulie, na penye mkwaruzo utaongeza maumivu juu ya maumivu. Dawa ya meno inaleta ubaridi kwa sababu ya mentholi, lakini pilipili inaiacha palepale. Dawa ya kuondolea madoa ya nguo usiiguse kabisa. Inaweza kuichoma ngozi kweli, ukatoka kwenye kuungua kwa hisia ukaingia kwenye kuungua kwa kemikali. Na maji ya moto, kwa yale niliyokwisha kuyaeleza, ni kuni juu ya moto.

Utakutana na mama lishe atakayekwambia yeye anakata pilipili kila siku kwa mikono mitupu na haimwashi. Mwamini. Mishipa ya fahamu inayopigwa na kapsaisini mara kwa mara huchoka, ikapunguza kuitikia. Madaktari wanaitumia tabia hiyo: zipo krimu za kapsaisini za kupaka kwenye viungo vinavyouma, ambazo siku za mwanzo huwasha, kisha maumivu yanapungua. Lakini kapsaisini bado iko mikononi mwa mama yule. Yeye haisikii, mwanawe atakayemshika shavu ataisikia. Hofu yangu kubwa iko hapo, kwa mtu ambaye mkono wake haumwonyi tena.

Macho ndiyo ya kuogopa kuliko mikono. Pilipili ikiingia jichoni, usifikiche. Kama umevaa lenzi za macho, nawa mikono vizuri kwanza ndipo uzitoe. Inamisha kichwa, mtu akumiminie maji safi ya baridi kwa dakika kama 15, ukipepesa kope. Mafuta, maziwa na sabuni ni vya mikono. Jichoni ni maji safi tu. Ikipita saa moja bado linauma, au unaona ukungu, nenda hospitali. Kwa mikono, nenda zahanati ukiona malengelenge, uvimbe, au maumivu yasiyopungua baada ya siku nzima. Mara nyingi muwasho wenyewe huisha ndani ya saa chache, ukizidi sana kesho yake.

Mama anayenyonyesha aoshe kwa mafuta na sabuni kabla ya kushika ziwa, na kabla ya kumbadilisha mtoto nepi. Na kwa kuwa sisi tunajisafisha kwa maji na mkono, osha hivyohivyo kabla ya kwenda chooni, usingoje baada. Wengi wameumia hapo na wanaona haya kusema, wakavumilia usiku kucha kitu ambacho sabuni ya vyombo ingekizuia.

Kuzuia ni kazi ndogo. Glavu za mpira zinapatikana duka lolote la dawa, ingawa zile nyembamba sana zibadilishe kama kazi ni ndefu. Zamani tulivaa mfuko wa rambo mkononi. Tangu mifuko hiyo ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, glavu ndiyo njia. Kama huna, shika pilipili kwa kikonyo, ikate kwa mkasi, utando utoe kwa kijiko. Ubao na kisu vioshe kwa sabuni papo hapo kabla hujakata tunda la mtoto juu yake. Ukifungua blenda, weka uso pembeni, subiri hewa ile itoke.

Shangazi siku hizi ana glavu mbili zilizoanikwa kwenye kamba karibu na kinu. Chupa ya mafuta huiweka mezani ikiwa imeshafunguliwa kabla hajagusa pilipili ya kwanza, kwa sababu mkono ulioanza kuwaka ukikishika kizibo, kizibo nacho kinakuwa na pilipili, na kesho atakayekishika anatengeneza chai.