Hata kabla ya kompyuta hakuna aliyekuwa anachora kila kitu upya

Wiki iliyopita mama mmoja hapa Arusha mwenye duka la pembejeo alikuja kuangalia tangazo lake la katuni, sekunde 30, akalipenda, tukafika kwenye hela iliyobaki akaniambia "mwanangu punguza basi, zamani walikuwa wanachora picha 24 kila sekunde, kila kitu upya kwa mkono, nyie siku hizi mnachora moja tu kompyuta inamalizia". Nikamtolea makaratasi yote mezani, akayatazama, akaondoka bado anaamini vilevile. Yeye simlaumu. Ila maneno hayohayo nimeshaambiwa na wateja wengine, na wazazi wa wanafunzi wangu, na juzi na chalii anayesomea mambo ya filamu kabisa, huyo ndo kanichosha.

Kuchora kila kitu upya kulikuwepo kweli, lakini ni mwanzoni kabisa. Winsor McCay alipotengeneza filamu ya katuni Gertie the Dinosaur kule Marekani, 1914, kila karatasi ilibidi iwe na mnyama na bakigraundi yake pia, mawe, ziwa, mti, na kurudia yale mawe alimwachia msaidizi wake John Fitzsimmons, akawa anakopi mistari ileile kwenye maelfu ya karatasi. Itafute uiangalie. Mawe yanatetemeka! Jiwe halina sababu ya kutetemeka, pale unachokiona ni mkono wa binadamu unajaribu kurudia mstari mmoja mara elfu na hauwezi.

Na mwaka huohuo 1914 mchoraji mwingine wa Marekani, Earl Hurd, akaomba patenti (yani haki ya mvumbuzi, wengine wasitumie bila kumlipa) ya seli: mhusika anachorwa kwenye plastiki ang'avu, unailaza juu ya bakigraundi moja iliyochorwa mara moja, basi. Raoul Barré naye pale New York alikuwa anakata karatasi ili sehemu isiyotembea isirudiwe, na alizitoboa karatasi matundu zikae kwenye pini zisihame, mimi hadi leo natumia pini. Hurd akaungana na John Bray, mwenye studio ya katuni, na studio nyingine zikawa zinawalipa leseni mpaka patenti zilipokwisha 1932. Yani watu walikuwa wanalipia haki ya kutochora. Mkono umesimama na mdomo ndo unaongea? Mkono unabaki kwenye seli yake, unabadilisha seli ya mdomo tu. Hiyo ni zaidi ya miaka mia iliyopita, kompyuta iko wapi hapo?

Af msidhani seli ilikuwa mteremko. Mstari unapigwa wino mbele, rangi inapakwa nyuma, na ile plastiki haikuwa ang'avu asilimia mia, ukipanga tatu nne ile ya chini inafifia. Kwa hiyo shati jekundu lililokaa leya ya chini, yani tabaka la chini, lilichanganyiwa nyekundu tofauti na shati hilohilo likipanda juu, ili kwenye kamera yaonekane rangi moja. Kuna watu walifanya kazi hiyo miaka na miaka, kwenye studio kubwa za Marekani wengi wao wanawake, na majina yao hayakuandikwa kwenye filamu. Mi leya zangu hata ziwe 60 hakuna kinachofifia, na kila nikikumbuka hilo nawaheshimu zaidi.

Rotoskopu ya Max Fleischer (patenti 1917, kaka mtu kampiga picha mdogo wake Dave kavaa nguo za klauni, wakachora juu ya zile picha) na kamera ya Disney iliyopiga michoro iliyopangwa kwenye leya za vioo, ikatumika kwenye katuni fupi The Old Mill 1937, hizo mnazijua, zipiteni. Ila kabla ya hapo Lotte Reiniger Ujerumani alishapanga vioo kwa ajili ya vivuli vyake vya karatasi, filamu yake ilitoka 1926, naomba naye atajwe.

Sasa hii 24. Hii ndo inaniumiza. Ishirini na nne ni fremu, yani picha zinazopita kwenye filamu kila sekunde, sio michoro! Kasi hiyo ilikuja na filamu za sauti, mwishoni mwa miaka ya 1920, sababu sauti ilihitaji filamu iende kwa mwendo mmoja. Mchoraji mara nyingi anapiga mchoro mmoja fremu mbili, 12 kwa sekunde, na jicho linakubali. Kamera ikianza kufuata mtu anayetembea ndo utahitaji mchoro kila fremu, la sivyo miguu inatetemeka juu ya barabara. Sheria za vitabuni zinaishia hapo, kinachobaki naamua kwa jicho na mara nyingine nakosea.

Kwenye tangazo la yule mama kuna konda wa kifodi, daladala ndogo, anapiga bati gari iondoke. Nilianza na michoro sita toka mkono juu mpaka kwenye bati, laini kabisa, ikawa kama anampapasa mbuzi. Nikatoa miwili. Bado. Nikatoa yote ya katikati: mkono juu, umekaa fremu nane, af mkono uko kwenye bati. Kofi likalia, na hapo sauti sijaweka. Michoro minne nimeichora kwa saa nzima nikaitupa, na hiyo saa ndo mteja haioni.

Kompyuta ilipokuja kweli ilianza na nini? Kabla yake 1961 Disney walishaanza kutoa kopi ya mchoro wa penseli kwa mashine moja kwa moja kwenye seli, kwenye filamu ya One Hundred and One Dalmatians, mbwa wale wenye madoa, wino wa mkono ukapungua sana. Mstari ukawa mkavu, wenye nguvu ya penseli, na mimi kuna siku naupenda kuliko wa wino na kuna siku naona tulipoteza kitu. Halafu 1990, The Rescuers Down Under, seli zikaondoka: michoro ikaskaniwa, ikapakwa rangi na kupangwa leya kwenye kompyuta. Michoro yenyewe? Penseli, karatasi, pini.

Mama kanipigia jana kuuliza kama naweza kumwongezea konda apige bati mara mbili. Nimemwambia ndiyo mama, na bei ya kofi la pili nimemtajia.